Mlima mmoja, kahawa tofauti: kwanini kikombe cha Uru sio cha Rombo

Japani ukikuta pakiti ya kahawa imeandikwa Kilimanjaro usidhani moja kwa moja imetoka Machame au Marangu. Kanuni yao ya lebo inaruhusu jina hilo kwa kahawa yoyote ya aina ya arabika ya Tanzania ukiacha ya Bukoba, na kama ni mchanganyiko basi ikifika asilimia 30 tu inatosha, yaani kahawa ya Mbinga kule Ruvuma na ya Mbozi kule Songwe zikifika Tokyo zote zinageuka za Kilimanjaro. Sina ugomvi na Wajapani, wametununulia miaka mingi sana. Kinachonikera ni sisi wenyewe hapa Moshi tunaoongea hivyohivyo, "kahawa ya mlimani", kana kwamba mlima mzima ni shamba moja.

Sio shamba moja hata kidogo. Kazi yangu ni kwenye maabara ya ubora, tunakaanga sampuli, tunasaga, tunamwagia maji ya moto, tunavuta na kijiko kwa kelele (wageni huwa wanacheka sana) halafu tunaandika tulichoonja. Ukiwekewa vikombe viwili, kimoja cha kihamba (shamba la nyumbani la Mchaga, migomba na mibuni pamoja) cha juu kabisa Uru kwenye ubavu wa msitu na kingine cha shamba la chini karibu na barabara kuu, aina ya mibuni ileile, msimu uleule, wamesindika vizuri wote, utaona tofauti hata kama maishani mwako umekunywa ya kopo tu. Watu wa mvinyo hawashangai jambo hili, zabibu za Dodoma zinavunwa mara mbili kwa mwaka kwasababu ya jua na ukame wa pale na mvinyo wake unabeba hali hiyo hiyo ya pale. Kahawa nayo ni tunda, tunasahau tu kwasababu tunaikuta imeshakuwa unga mweusi.

Tuanze na urefu kutoka usawa wa bahari maana huo ndio unaoamua mengi. Ukipanda mita 100 joto linapungua kama nyuzi 0.6 hivi. Moshi mjini tuko kwenye mita 800 na kitu, vihamba vya juu vinakaribia 1,800, kwa hiyo hapo katikati kuna karibu mita 1,000 na tofauti ya nyuzi 6 hivi, na ni umbali ambao mtu anaupanda na kuushuka kwa siku moja akienda kumsalimia bibi. Arabika inapenda wastani wa nyuzi 15 mpaka 24. Kule juu kwenye baridi tunda linachelewa kuiva, na kuchelewa huko ndio faida yenyewe, mmea unapata muda wa kuijaza mbegu sukari na asidi pole pole mpaka inakuwa ngumu, nzito, imebana. Chini joto linaikimbiza, ganda linakuwa jekundu mapema lakini mbegu ndani haijashiba, kama maharage uliyoyachochea moto mkali yakapasuka nje na ndani bado yanakwaruza.

Kwenye kikombe hiyo kitu inaitwa uchachu, na hapa huwa nabishana na watu kila siku, mtu akisikia kahawa ina uchachu anadhani imeharibika. Hapana. Uchachu wa kahawa nzuri ni ule wa chungwa lililoiva au wa zambarau, unaamsha mdomo halafu unafuatiwa na utamu, na ndio wanunuzi wengi wanaoutafuta kwenye kahawa ya kaskazini. Kahawa ya chini inakuwa laini, imepoa, ukiweka maziwa inapendeza, ila haikusemeshi.

Udongo wa volkano kila mtu anausifia kwa hiyo sitakaa sana hapo. Vilele vitatu vya mlima, Shira, Mawenzi na Kibo, vilitapika kwa nyakati tofauti, majivu na mawe yakaoza miaka na miaka mpaka yakawa udongo mwekundu wenye kina, unashika maji lakini hautuamishi, na mizizi ya mbuni inataka hivyo hivyo maana ikizama kwenye maji inaoza na ikikaukiwa mti unadondosha matunda. Upande wa Meru majivu ni ya karibuni zaidi, ule mlima ulitoa cheche za mwisho mwaka 1910 tu, ndio maana ukichimba sehemu nyingine za Arumeru unakuta udongo mweusi mwepesi tofauti na wa Kibosho. Kwa mdomo wangu kahawa ya Meru huwa inakuja na uzito zaidi na uchachu uliotulia, lakini hapo wenzangu maabara hatukubaliani wote.

Jambo ambalo halisemwi ni kwamba udongo wa kihamba haukuletwa na volkano peke yake. Wamama wa Uchagani wamebeba majani kutoka tambarare kupanda juu kulisha ng'ombe wa ndani, kizazi baada ya kizazi, samadi ikawekwa kwenye migomba, mabua na majani ya migomba yakarudi chini ya mibuni, kwa hiyo ukipiga hesabu vizuri rutuba ya tambarare ilikuwa inahamia mlimani juu ya kichwa cha mama. Mfumo huu wa kihamba ndio ulioipa Shimbwe Juu nafasi kwenye orodha ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ya urithi wa kilimo duniani mwaka 2011. Basi nikisema kahawa ina ladha ya ardhi yake ujue hiyo ardhi ina mikono ya watu ndani. Na ndio maana kihamba kilichogawanywa kwa watoto na wajukuu mpaka hakuna tena nafasi ya banda la ng'ombe kinaanza kupoteza kitu ambacho mfuko wa mbolea ya dukani haurudishi wote, naitrojeni itarudi ndio, lakini ule udongo laini unaonukia vizuri baada ya mvua haurudi kirahisi.

Halafu kuna suala la upande. Upepo wenye mvua unatoka Bahari ya Hindi, kwa hiyo kusini na kusini mashariki mwa mlima ndio kunanyesha, Kibosho, Uru, Old Moshi, Kilema. Msituni juu ya vihamba upande huo mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka wakati hapa mjini hata 1,000 haifiki. Zunguka uende Rombo au Siha, mlima ni uleule, urefu uleule, lakini mvua imepungua. Na kahawa inaisoma mvua kama kalenda. Inataka kiangazi kidogo kiikaze, kisha mvua za vuli zikidondoka maua yanafunguka meupe siku chache tu na harufu yake unaisikia ukiwa barabarani, kisha inasubiri miezi 8 au 9 mpaka tunda liive. Vuli ikija kwa vipande vipande maua nayo yanatoka kwa mafungu, matunda yanaiva kwa mafungu, na mchumaji inabidi arudi kwenye mti uleule mara nyingi, sasa akichoka akakwanyua tawi zima la kijani na jekundu pamoja ndio basi tena.

Mwezi wa kwanza na wa pili jua linawaka, na hapo hapo ndio tunda linatanuka kupata ukubwa wake. Wazee walijua, ndio kazi ya mifongo, mifereji ile inayoshusha maji ya mito ya msituni mpaka kwenye kihamba. Maji yakikosekana kipindi hicho mbegu inabaki ndogo milele hata mvua ya masika inyeshe vipi. Sasa unganisha na madaraja ya mnadani: AA maana yake ni mbegu kubwa, inabaki juu ya chekeche ya matundu ya milimita 7 na kidogo, A inafuata, B, C, na PB ni ile ya mviringo, tunda lililotoa mbegu moja badala ya mbili, kwa kawaida kama asilimia 5 mpaka 10 ya mavuno. Kwa hiyo AA inakuambia mti haukukaukiwa maji mwezi wa kwanza na wa pili, haikuambii utamu. Nimeshaonja AA butu kabisa na B ya juu mlimani iliyotulia kwenye ulimi mpaka mchana. Kahawa safi inachekechwa, inapimwa uzito na wepesi, lakini mwisho ni lazima mtu aionje.

Kivuli nisikiruke. Miti ya kivuli kama mruka na mringaringa ikiwa juu, migomba katikati, mibuni chini, joto la mchana linapungua na kuiva kunachelewa, ni kama umekiongezea kihamba mita kadhaa za urefu bila kukihamisha. Ila kikizidi mti hauzai, na unyevu unaalika chule buni, ugonjwa ambao unageuza matunda machanga kuwa meusi. Kukata mruka wote ili kahawa ipate jua ni kosa, na kuacha giza kama msituni nalo ni kosa.

Mbegu nayo ina historia yake. Mibuni ya kwanza ya arabika mlimani inahesabiwa kuwa ile ya misheni ya Kilema mwaka 1898, mapadre wa Roho Mtakatifu, na ukoo wake ni Bourbon, jina la zamani la kisiwa cha Réunion. Baadaye kituo cha utafiti Lyamungu kilichoanzishwa miaka ya 1930 kikachagua mibuni aina ya N39 kutoka ukoo huo wa Bourbon na KP423 kutoka ukoo wa Kent, na hizo ndizo babu zetu walizozeeka nazo. Tatizo zinashambuliwa sana na chule buni na kutu ya majani, ndio zikaja chotara za TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, zinazovumilia magonjwa, na ndani yake kuna damu ya mbuni wa Timor ambao wenyewe ni mchanganyiko wa arabika na robusta, aina nyingine ya kahawa. Wazee wengine wanasema chotara zimeua ladha. Mimi naona wanazionea, mbegu mpya ikipandwa juu, ikachumwa nyekundu, inaongea lugha ya pale ilipopandwa, na N39 iliyopandwa chini kwenye joto haikuokoi kwa jina la ukoo.

Sasa tufike kwenye kinachoniuma. Ladha yote hii ambayo mlima umeihangaikia miezi 9 inapotea ndani ya siku mbili. Tunda jekundu likichumwa asubuhi linatakiwa limenywe siku hiyo hiyo, mapepe yanayoelea yatolewe pembeni, kahawa ivundikwe mpaka ute unaozunguka mbegu uachie, ioshwe kwa maji masafi, ianikwe kwenye vichanja mpaka unyevu ushuke asilimia 11 hivi. Hata hapo hali ya hewa ya mahali inaingia tena: kule juu mwezi wa saba kuna ukungu na baridi, ute unachukua hata saa 48 kuachia wakati chini saa 24 zinatosha, na kukausha nako kunachelewa, kwa hiyo mkulima wa juu akiiga ratiba ya rafiki yake wa chini anaharibu, ama anaosha kabla haijawa tayari ama anaanua mbichi ikaota ukungu ndani ya gunia. Gusa maganda, yakiwa bado yanateleza mkononi subiri, yakikwaruza kama mchanga osha mara moja, usilale nayo mpaka iwe na harufu ya uvundo.

Na ukishafanya vizuri unaipeleka kwenye chama cha ushirika inamwagwa lundo moja na ya jirani, ya juu na ya chini, iliyooshwa vizuri na iliyolala. Naelewa kwanini, ushirika ulijengwa hivyo na ulisaidia watu, KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Kilimanjaro, tangu 1933 imesomesha watoto wengi wa huku, na kutenganisha magunia kunataka ghala, daftari na mtu mwaminifu. Lakini ukichanganya hivyo unauza wastani. Vikundi vinavyomenya kahawa pamoja kwenye mtambo mmoja kijijini tayari vina mwanya, kwasababu kijiji kizima kiko kwenye mwinuko unaofanana, inabaki tu kuandika siku, kijiji na mwinuko kwenye gunia na kukataa kuchanganya.

Haraka ipo kwasababu joto linapanda. Pale zamani palipokuwa pazuri kwa kahawa panazidi kuwa pa mahindi na parachichi, na jibu rahisi lingekuwa kahawa ipande juu, ila haina pa kwenda. Juu ya vihamba kuna ule ukanda wa nusu maili uliotengwa 1941 na baada yake msitu, ambao tangu 2005 ni hifadhi ya taifa, na haufai kuguswa maana mifongo yote inaanzia humo. Kwa hiyo ukanda wa kahawa ya juu ni mwembamba na unabanwa kutoka chini.

Unataka kujaribu nyumbani? Omba kahawa kavu kilo moja kwa ndugu wa juu na kilo moja kwa wa chini, zote za msimu huu, koboa, kaanga kila moja peke yake kwenye kikaango kilekile mpaka zifanane rangi, kahawia sio nyeusi, maana ukiunguza zote zitakuwa mkaa na hutajua lolote. Saga siku inayofuata, gramu 10 kwa kila kikombe, mwagia maji yaliyotoka kuchemka, subiri dakika 4, vunja povu la juu kwa kijiko, onja ikiwa moto na uonje tena ikishapoa kabisa kwasababu kasoro na utamu vyote vinajificha kwenye moto. Vikombe viandike namba kwa chini, watu wasijue kipi cha nani, na sukari ikae mbali mpaka kila mtu awe ameshaandika alichoonja.