Gofa wa Marekani halipwi mshahara jamani

Kuna ile meseji haiishi kuzunguka kwenye magrupu, eti gofa wa kulipwa Marekani ana mshahara kama mchezaji wa mpira na hata akishika mkia anaondoka na mamilioni ya dola. Si kweli.

Shindano la kawaida lenye mchujo ni siku 4, Alhamisi mpaka Jumapili, mashimo 18 kila siku. Ijumaa jioni wanachujwa, na asiyevuka anafunga begi bila hela ya zawadi (yale mashindano makubwa 4 ya mwaka ndo huwapa kitu kidogo), wakati nauli na hoteli kajilipia mwenyewe. Mshindi mara nyingi anapata kama asilimia 18 ya mfuko wote, halafu kedi, yule anayembebea fimbo, kwa mazoea ana asilimia 10 ya zawadi hiyo, na kodi nayo inasubiri mlangoni.

Januari 2024 mwanafunzi mmoja wa chuo alishinda kule California ila alikuwa bado wa ridhaa, yaani haruhusiwi kupokea hela ya zawadi hiyo, basi dola zaidi ya milioni 1.5 zikaenda kwa wa pili. Mshahara gani huo?

Watu wanachanganywa na ile jumla ya mapato ya maisha, ambayo ni zawadi kabla ya makato, wakiongezea na dili za matangazo za mastaa wachache. Kucheki ni rahisi, fungua matokeo ya shindano la kawaida lenye mchujo, shuka mpaka kwa waliochujwa uangalie safu ya pesa, utakuta kistari au sifuri. Ikikufikia tena usiifowadi, hata kama katuma mjomba.