Urekebu wa sheria ya VAT ni nini, na kwa nini haupunguzi kodi

Ukisikia sheria ya VAT imefanyiwa urekebu, usidhani kodi imekuwa nyepesi. Kilichokuwa chepesi ni kuisoma tu.

Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya Tanzania Bara, Sura ya 148, ilitungwa mwaka 2014 ikaanza kutumika Julai 1, 2015. Tangu hapo, kila bajeti huja na Sheria yake ya Fedha, yenye mistari ya aina hii: futa neno hili, weka badala yake lile, ongeza aya mpya baada ya ile. Mistari hiyo ukiisoma peke yake huambulii kitu. Mhasibu anayetaka kujua kama bidhaa fulani ina msamaha hufungua sheria mama, akapanga Sheria za Fedha pembeni, kisha akakata na kuandika kwa penseli mwaka baada ya mwaka.

Urekebu unamwondolea adha hiyo: marekebisho yote yanaingizwa mahali pake, yaliyofutwa yanaondolewa, linabaki andiko moja. Ndiyo kazi ya Toleo la Urekebu la 2023, lililoanza kutumika Julai 1, 2025. Maana ya sheria haiguswi.

Kurahisisha ni kugusa kanuni yenyewe. Mwaka 2023, kwa mfano, kiwango cha mauzo ya mwaka kinachomlazimu mfanyabiashara kujisajili VAT kilipandishwa kutoka shilingi milioni 100 hadi milioni 200. Hapo wapo waliopumua kweli.

Ila utata mkubwa umo kwenye misamaha. Taulo za kike zilisamehewa VAT mwaka 2018. Mwaka uliofuata msamaha ukafutwa, kwa maelezo kwamba bei haikushuka. Lawama wakabebeshwa wafanyabiashara. Lakini hebu piga hesabu: kiwanda kikinunua malighafi ya shilingi 100,000, kinalipa na VAT ya 18,000. Bidhaa yake ikiwa na msamaha, hakiruhusiwi kudai ile 18,000, kwa hiyo inajificha ndani ya bei. Ingetozwa kwa kiwango cha sifuri, yaani VAT ya asilimia 0, kingerudishiwa. Kwa mnunuzi dukani msamaha na kiwango cha sifuri ni kitu kimoja, kwani risiti zote mbili hazina VAT. Kuhamisha bidhaa kutoka kwenye msamaha kwenda kwenye kiwango cha sifuri ni kazi ya Bunge. Anayefanya urekebu huziacha pale pale alipozikuta.