Mbwa Ameacha Kula Tangu Juzi: Maswali na Majibu kwa Wenye Mbwa na Paka

Maswali haya ndiyo ambayo wenye mbwa na paka wa Dar es Salaam na mkoa wa Pwani hutuuliza sisi madaktari wa mifugo karibu kila siku ya kazi, na kwa bahati mbaya mengi huulizwa mnyama akiwa tayari amelazwa mezani, hajiwezi. Yamepangwa kwa kufuata uzito wa jambo, na magonjwa ya nadra yameachwa makusudi.

Mtoto wangu wa mbwa ameacha kula na anatapika. Je, nimwangalie kwanza kwa siku moja au mbili?

Hapana. Mtoto wa mbwa mwenye umri kati ya wiki 6 na miezi 6 ambaye anatapika, amekataa chakula na amejikunyata pembeni, anapaswa kufikishwa kwa daktari siku hiyo hiyo, awe ameanza kuharisha au bado. Ugonjwa tunaouhofia kwanza ni parvo, unaosababishwa na kirusi kinachoharibu utando wa ndani wa utumbo na kupunguza seli nyeupe za damu, hivyo mnyama hupoteza maji mengi mwilini huku bakteria wa utumboni wakipata njia ya kuingia kwenye damu. Kwa kawaida dalili hujitokeza siku 3 hadi 7 baada ya kuambukizwa: kwanza unyonge na kukataa chakula, kisha kutapika povu, kisha kuharisha kinyesi chembamba chenye damu na harufu kali ambayo ukiisikia mara moja huisahau. Wengi huanza kuhesabu ugonjwa tangu siku walipoiona damu, ilhali kufikia hapo ugonjwa umeshakwenda mbali.

Lakini mbwa ni mnyama mgumu, na akiumwa hujitibu mwenyewe kwa kula majani. Si kweli?

Si kweli, na hakuna imani inayotujazia watoto wa mbwa mahututi kuliko hii. Mbwa hula majani hata akiwa mzima wa afya, na majani hayo hayatibu parvo, hayatibu homa ya kupe, wala hayarudishi maji yaliyopotea mwilini. Kinachoitwa ugumu wa mbwa ni uwezo wake wa kutolalamika mpaka hali inapokuwa mbaya sana.

Anayesubiri hutuletea mnyama wa namna hii: yumo ndani ya ndoo au boksi, amefunikwa kipande cha kanga, ukiinua mdomo wake, ufizi uliopaswa kuwa wa waridi ni mweupe na unanata kidoleni, ukiivuta ngozi ya shingo, inabaki imesimama kama hema, na kipimajoto, ambacho kwa mbwa mwenye afya husoma kati ya nyuzi 38 na 39.2, kinasoma chini ya 37. Mshipa wa mguu wa mbele umelala kiasi kwamba sindano inaingia na kutoka bila kuona damu. Tukiuliza ugonjwa umeanza lini, baba mwenye mbwa husema, "Jana tu, dokta." Kisha mtoto aliyeongozana naye husahihisha: "Siyo jana baba, tangu Jumapili."

Basi nimpe nini nyumbani wakati naendelea kumwangalia?

Swali lenyewe lina kosa ndani yake, kwa sababu mtoto wa mbwa anayetapika haangaliwi, anapelekwa. Tumekuta watu wakiwapa maziwa, ambayo huzidisha kuharisha. Mafuta ya kupikia, ambayo mnyama dhaifu akimiminiwa kwa nguvu huweza kuingia mapafuni. Yai bichi, shubiri mwitu, na nusu ya kidonge cha metronidazo kilichobaki tangu mtu wa nyumbani alipougua tumbo. Hakuna hata kimoja kinachoua kirusi cha parvo. Kazi ya kweli ya vitu hivi ni kumpa mwenye mbwa sababu ya kungoja mpaka kesho.

Maji yenye chumvi na sukari ya dukani humsaidia mnyama anayeharisha bila kutapika, akipewa kidogo kidogo njiani kuelekea kwa daktari. Anayetapika kila anachokunywa anahitaji maji ya mshipani, na hayo hayapatikani jikoni.

Je, parvo inatibika, au nisijisumbue?

Hakuna dawa ya kuua kirusi chenyewe ambayo kila zahanati ya wanyama inayo rafuni, lakini watoto wa mbwa wengi wanaofikishwa mapema, wakapewa maji ya mshipani, dawa ya kuzuia kutapika na antibaiotiki za kuzuia bakteria waliopenya kutoka utumboni, hupona. Wanaoletwa wamepoa mwili na hawawezi kuinua kichwa, wengi hufa, na hufa baada ya mwenye mbwa kulipa gharama ile ile ya matibabu. Hapo ndipo husemwa mtaani kwamba "ukimpeleka kwa daktari ndiyo anakufa." Ndugu yangu, alikufa kwa sababu ya siku ulizomweka nyumbani.

Nilimchanja kichaa cha mbwa na kadi ninayo. Imekuwaje akapata parvo?

Chanjo ya kichaa cha mbwa huzuia kichaa cha mbwa tu. Parvo, distempa, homa ya ini na leptospirosisi huzuiwa na chanjo nyingine ya pamoja, ambayo huanza mtoto wa mbwa akiwa na wiki 6 hadi 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe angalau wiki 16. Marudio hayo si ujanja wa daktari wa kutafuta fedha. Kinga anayoipata mtoto kutoka kwa mama yake huweza kuibatilisha chanjo ya mwanzo, na kwa kuwa hatujui inaisha siku gani kwa kila mtoto, tunarudia mpaka tuwe na hakika kwamba imekwisha. Anayechanja mara moja na kuacha amelipa fedha bila kupata kinga ya kutegemewa. Na kumchanja mtoto ambaye tayari anatapika hakumtibu. Tunaombwa jambo hili mara nyingi, na jibu ni lile lile kila mara.

Ikiwa mmoja ameshakufa kwa parvo katika ua wako, usilete mtoto mwingine asiyemaliza chanjo, kwani kirusi hiki huweza kubaki hai katika udongo wenye kivuli kwa miezi mingi, hata kufikia mwaka. Sakafu ya saruji isafishwe kinyesi chote kwa sabuni, kisha imwagiwe jiki iliyochanganywa kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji na kuachwa kwa dakika 10 kabla ya kusuuzwa. Sabuni peke yake haikiui.

Anachechemea au ana homa. Naweza kumpa dawa ya maumivu ya binadamu?

Usimpe. Diklofenaki na ibuprofeni humtoboa mbwa vidonda vya tumbo na kuharibu figo zake, hasa akiwa amepungukiwa maji. Kwa paka hali ni mbaya zaidi: kidonge kimoja cha parasetamo cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mzima, kwa sababu ini lake halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama ini la binadamu. Uso na nyayo huvimba, ufizi hugeuka rangi ya kahawia au bluu, na pumzi inakuwa fupi. Robo ya kidonge si salama kwa paka. Kipande kidogo si salama kwa paka. Parasetamo ya maji ya watoto wachanga si salama kwa paka.

Onyo hili linazihusu pia dawa za kuogeshea ng'ombe. Zenye pemetrini huwaletea paka mitetemeko na degedege, na za amitrazi ni hatari kwao vilevile. Muuzaji wa duka la pembejeo za mifugo akikuambia "punguza maji tu," muulize kama amewahi kumtibu paka.

Nilimwita mtaalamu nyumbani, akachoma sindano mbili, akaondoka, na mbwa akafa. Je, alikosea?

Siwezi kumhukumu mtu ambaye sikumwona akifanya kazi, lakini naweza kusema nini mwenye mbwa anastahili kukiona. Mtaalamu anapaswa kupima joto, kuangalia ufizi, kuuliza historia ya chanjo, kukadiria au kupima uzito, na kuandika jina na kiasi cha dawa aliyotoa. Anayefika, akachoma oksitetrasaiklini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la OTC, pamoja na vitamini, bila kumgusa mnyama kwanza, amechoma mazoea yake. Hali kadhalika sindano za ugonjwa wa kupe zinazotumiwa kwa ng'ombe: diminazini kwa mbwa ina nafasi ndogo sana kati ya kipimo cha kutibu na kipimo cha kudhuru ubongo, kwa hiyo haichomwi kwa kukisia kilo kwa macho kutoka mlangoni.

Malalamiko ya wafugaji kuhusu chanjo zisizotunzwa vizuri nayo yana haki. Chanjo hutunzwa katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 na husafirishwa ndani ya chombo chenye barafu. Ikitolewa kwenye mfuko wa suruali katika joto la Dar es Salaam, ikatae bila kuona haya. Dai pia kibandiko cha chupa kibandikwe kwenye kadi. Madaktari wa mifugo nchini husajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, na si utovu wa adabu kumwuliza mtu kama amesajiliwa.

Mbwa anatokwa na mate na hawezi kumeza. Nadhani mfupa umekwama. Niutoe kwa mkono?

Usitie mkono. Mbwa mwenye kichaa huweza kupooza taya na koo, akabaki mdomo wazi, mate yakichuruzika, sauti imebadilika, na hana ukali wowote. Watu wamezoea kutafuta mbwa anayekimbia ovyo na kung'ata kila kitu. Huyu mpole aliyepooza huwapita, na mama mwenye nyumba huingiza vidole akitafuta mfupa ambao haupo. Mfungie peke yake, zuia watoto, toa taarifa kwa afisa mifugo wa kata.

Aliyeng'atwa, aliyekwaruzwa, au aliyeguswa na mate penye mchubuko aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo. Hata kama ni mbwa wa nyumbani. Hata kama alimlea tangu akiwa mdogo wa kutosha kiganjani. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Mbwa aliyeng'ata akiwa bado mzima asiuawe kwa hasira, bali afungwe na kuangaliwa kwa siku 10, na uangalizi huo usimcheleweshe mtu kwenda hospitali.

Paka dume anaenda mchangani mara kwa mara na kujikamua. Ni kufunga choo?

Mara nyingi ni mkojo ulioziba, na ni dharura ya saa chache. Usimpe mafuta. Mlete usiku huo huo.

Nikija, nije na nini?

Piga simu kwanza na useme wazi kama mnyama anatapika au anaharisha, ili tumpokelee nje na asiwaambukize watoto wa mbwa waliokuja kuchanjwa. Usimshushe sakafuni ukiwa unasubiri. Njoo na kadi ya chanjo, picha ya kinyesi au matapishi katika simu, na pakiti za dawa zote ulizompa, zikiwemo zile unazoona aibu kuzitaja. Hatukuulizi ili tukugombeze, ingawa pengine tutakugombeza kidogo. Tunauliza kwa sababu mbwa aliyemezeshwa diklofenaki asubuhi hawezi kuongezewa dawa nyingine ya maumivu jioni bila kuhatarisha figo zake.