Omri, mfalme aliyepewa mistari sita

Fungua Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 16, uanzie mstari wa 23. Ukifika wa 28, Omri, mfalme wa Israeli, ameshatawala miaka 12, amenunua kilima, amejenga mji, ametenda maovu, amekufa na kuzikwa. Mistari sita, basi. Ukiongeza ile inayosimulia jinsi alivyokitwaa kiti kwa nguvu ya jeshi, bado hufikishi sura moja. Wengi wetu tunampita mbio tukimkimbilia mwanawe Ahabu, kwa sababu huko ndiko kuna Yezebeli mkewe na nabii Elia.

Majirani zake, hata hivyo, hawakumpita. Mwaka 1868 huko Dhiban, katika Jordan ya leo, lilionekana jiwe lililoandikwa kwa amri ya Mesha, mfalme wa Moabu. Sasa liko katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Mesha anasema Omri, mfalme wa Israeli, aliitesa Moabu siku nyingi kwa kuwa Kemoshi, mungu wa Wamoabu, alikuwa ameikasirikia nchi yake. Yatazame vizuri maelezo hayo. Taifa limeshindwa, na anayetajwa kuwa chanzo ni mungu wa nyumbani aliyekasirika. Toa jina la Kemoshi, utadhani unasoma kitabu cha Waamuzi, ambamo Israeli hushindwa kwa sababu Mungu wake amekasirika. Katika ulimwengu ule hakukuwa na siasa upande huu na dini upande ule. Mfalme aliyepigwa vitani alikuwa na kesi na mungu wake.

Waashuru nao wanatupa habari ambazo Biblia imezinyamazia kabisa. Mfalme wao Shalmanesa wa Tatu anaeleza vita vya Qarqar, Siria, mwaka 853 K.K., dhidi ya muungano wa wafalme wa eneo hilo. Miongoni mwao anamtaja Ahabu wa Israeli na magari ya vita 2,000 na askari wa miguu 10,000. Wapo wataalamu wanaoona hesabu ya magari imetiwa chumvi, na mimi ni mmoja wao. Lakini hata ukiipunguza, huyu hakuwa mfalme mdogo.

Kisha kuna nguzo nyeusi ya Shalmanesa huyo huyo, iliyofukuliwa Nimrud mwaka 1846, ambayo sasa iko London. Imechongwa mtu anayesujudu hadi chini mbele ya mfalme wa Ashuru, na maandishi yanamtaja kuwa Yehu, “mwana wa Omri”. Aliyesoma 2 Wafalme 9 na 10 lazima acheke. Yehu ndiye aliyeiangamiza nyumba ya Omri, akaua wana 70 wa Ahabu! Kwa makarani wa Ashuru hilo halikuwa na uzito: nchi ile ilikuwa “nyumba ya Omri”, na waliendelea kuiita hivyo zaidi ya miaka 100 baada ya nasaba yenyewe kung'olewa.

Kwa nini basi mistari sita? Mwandishi wa Wafalme hakukosa habari. Yeye mwenyewe anamwelekeza msomaji penye mambo mengine ya Omri na ushujaa wake: kitabu cha tarehe za wafalme wa Israeli. (Tarehe hapo ni kwa maana yake ya zamani, yaani historia, si siku ya mwezi.) Kitabu hicho kimepotea. Anayetaka vita na majengo aliambiwa akatafute huko. Mwandishi wetu ana kipimo kimoja tu, nacho ni ibada. Yeroboamu, mfalme wa kwanza wa kaskazini, yaani Israeli iliyojitenga na Yuda ya kusini, aliweka ndama wa dhahabu Betheli na Dani ili watu wasipande kwenda Yerusalemu, na tangu hapo wafalme wa kaskazini wanapimwa kwa kuwatazama ndama wale. Omri hakuwaondoa. Kesi imekwisha.

Nyuma ya kipimo hicho kuna fundisho juu ya mfalme ni nani. Kumbukumbu la Torati 17 linamkataza kujizidishia farasi, wake, fedha na dhahabu, na linamtaka ajiandikie nakala ya sheria aisome siku zote za maisha yake. Mfalme ni msomaji kabla ya kuwa jemadari. Ndiyo maana pia alipakwa mafuta: neno la Kiebrania la aliyepakwa mafuta ndilo asili ya neno letu Masihi. Sauli na Daudi walipakwa na nabii Samweli. Yehu alipakwa na kijana aliyetumwa na nabii Elisha. Kwa Omri hatusomi habari ya nabii wala mafuta. Tunasoma kwamba jeshi lilimtawaza kambini.

Na bado kuna jambo moja la kumsifu. Kilima cha Samaria alikinunua kwa Shemeri kwa talanta mbili za fedha, zaidi ya kilo 60 kwa makadirio ya kawaida, na mji akauita kwa jina la mwenye kilima. Mwanawe Ahabu alipotaka shamba la mizabibu la Nabothi kule Yezreeli, naye alianza kwa kutoa bei. Nabothi akakataa: urithi wa baba zake hauuzwi. Mfalme wa Israeli alipaswa kuishia hapo. Yezebeli, binti wa mfalme wa Sidoni, hakuelewa mfalme wa namna hiyo. Mashahidi wa uongo wakatafutwa, Nabothi akapigwa mawe, shamba likachukuliwa. Tunapomtaja Ahabu tunakumbuka ibada ya mungu Baali tu, na Waislamu nao wanaijua lawama ya Nabii Ilyas, yaani Elia, juu ya Baali katika Surat As-Saffat. Lakini hukumu ya kifo cha Ahabu Elia aliitamka ndani ya shamba la Nabothi. Ibada potovu na ardhi ya mtu iliyoporwa ni shitaka moja.

Nyumba ya Omri ilikwisha kaskazini, si kusini. Mjukuu wake Athalia aliolewa na Yehoramu, mfalme wa Yuda wa uzao wa Daudi. Mwanawe Ahazia alipouawa, Athalia aliwaua wana wa kifalme akatawala miaka sita, ila mtoto Yoashi, mjukuu wake mwenyewe, alifichwa hekaluni akapona. Wafalme wote wa Yuda waliofuata, Hezekia na Yosia wakiwemo, wanatoka kwa mtoto huyo. Mathayo, akiorodhesha ukoo wa Yesu, anaandika kwamba Yoramu, yaani Yehoramu yule yule, alimzaa Uzia. Kati yao ameruka watu watatu: Ahazia, Yoashi na Amazia, mwana wa Athalia, mjukuu wake na kitukuu chake.