Je, wajua kwa nini bunduki hulenga vizuri kwa risasi nyepesi, ukiitia nzito ikaenda mrama?

Mwaka 1955 makampuni mawili ya Marekani yalitoa risasi za kuwindia zilizofanana kama pacha. Winchester walileta .243 Winchester, Remington wakaleta .244 Remington. Kichwa cha risasi, yaani kile kipande kinachoruka, kilikuwa na kipenyo kilekile cha inchi 0.243, na ganda la Remington lilimeza hata baruti zaidi kidogo. Lakini haikuchukua muda, ya Winchester ikawa inagombewa na ya Remington inatafuta wanunuzi kwa tochi. Kilichowaponza Remington kilikuwa ndani ya mtutu.

Ukichungulia mtutu wa bunduki ya kuwindia (baada ya kuhakikisha ni tupu, tafadhali) utaona mifereji imejisokota kama ya skrubu. Hiyo ndiyo huizungusha risasi. Mshale wa Mhadzabe una manyoya nyuma ya kuunyoosha hewani. Risasi haina manyoya, na kibaya zaidi, uzito wake mwingi uko kitakoni huku hewa ikiisukuma puani. Ikiachwa hivihivi itageuka nyuma mbele. Kinachoiokoa ndicho kinachoisimamisha pia, kile kichezeo cha mtoto: ikizunguka kwa kasi husimama juu ya ncha yake, ikichoka huyumba, kisha hulala. Risasi inayotoka kwa mita 850 kwa sekunde, katika mtutu unaoizungusha mara moja kila inchi 10, huzunguka zaidi ya mara 3,300 kwa sekunde.

Sasa, wawindaji husema "risasi nzito inataka msokoto wa kasi". Wamekosea kidogo, ingawa kosa lenyewe linaeleweka, kwa kuwa boksi la risasi huandikwa uzito. Kinachodai msokoto ni urefu. Kipenyo hakibadiliki, hivyo ukitaka kuongeza uzito huna budi kurefusha, na kitu kirefu hupinduliwa na hewa kirahisi zaidi kuliko kifupi. Mwaka 1879 mwanahisabati Mwingereza Alfred George Greenhill aliliweka jambo hili katika hesabu ambayo bado inatumika kukadiria: chukua 150, zidisha kwa kipenyo cha risasi kilichozidishwa chenyewe kwa chenyewe, gawanya kwa urefu wake, vyote kwa inchi. Risasi ya kipenyo cha inchi 0.308 na urefu wa inchi 1.2 inapata karibu 12: mzunguko mmoja kila inchi 12 unatosha. Irefushe ifike inchi 1.5 na jibu linashuka hadi 9.5. Kadiri namba inavyokuwa ndogo, ndivyo msokoto unavyokuwa wa kasi.

Turudi kwa Remington. Wao waliona .244 itapendwa na wanaopiga wanyama wadogo wasumbufu kama koyote, wakaipa mtutu wenye msokoto wa mzunguko mmoja kila inchi 12 na risasi isiyozidi uzito wa greni 90. Winchester waliweka inchi 10, wakauza na ya greni 100, kama gramu 6.5. Mwindaji wa kulungu alitaka hizo greni 100, na habari zikaenea kwamba mtutu wa Remington hauziwezi risasi ndefu zenye ncha kali. Remington walikuja kubadili msokoto kuwa inchi 9, na mwaka 1963 wakaibatiza upya risasi ileile: 6mm Remington. Walikuwa wamechelewa.

Siku hizi mtego uko kwenye shaba. California ilipiga marufuku kabisa uwindaji kwa risasi za madini ya risasi tangu Julai 2019, kwa sababu ya sumu yake kwa tai mla mizoga aitwaye kondori. Shaba ni nyepesi kuliko madini hayo, kwa hiyo kichwa cha shaba chenye uzito uleule huwa kirefu zaidi, na bunduki iliyokuwa ikilenga vizuri jana inaweza kuanza kutapanya. Vichwa vilivyochongwa kwa ajili ya masafa marefu navyo ni virefu, maana lazima viipenye hewa kwa ulaini. Baridi nayo huongeza taabu, kwani hewa yake ni nzito. Risasi iliyoponea chupuchupu wakati wa joto huweza kuyumba kipupwe.

Kama mtutu wako haukuandikwa msokoto, funga kitambaa cha kubana kwenye ufito wa kusafishia wenye mpini unaozunguka, usukume ndani, utie alama kwenye ufito, kisha endelea kusukuma hadi uzunguke mara moja kamili. Pima umbali uliosogea. Halafu piga karatasi kabla ya kumpiga mnyama: tundu la duara, uko sawa, tundu refu kama la ufunguo, risasi imefika ubavuubavu, na kwa mnyama aliye mita 300 huko ni kumjeruhi tu.