Mjamzito Anayekoroma Hajalala Usingizi Mnono

Katika nyumba nyingi za Mombasa, mjamzito akikoroma husemwa ni uchovu tu, tena amepata usingizi mnono. Sivyo. Homoni za mimba huvimbisha ngozi laini ya ndani ya pua, na uzito ukiongezeka njia ya hewa hubanika. Kukoroma kidogo miezi ya mwisho ni kawaida. Cha kutia wasiwasi ni kile kimya: mkoromo unakatika, kifua kinahangaika bila hewa kupita, kisha mama anashtuka kama aliyepaliwa. Hapo oksijeni kwenye damu hushuka na presha hupanda. Tafiti zimeihusisha hali hii na presha ya mimba, kisukari cha ujauzito na watoto kuzaliwa wadogo. Sukari ikiwa juu, wengine huzaliwa wakubwa kupita kiasi.

Mwenyewe aghalabu hajisikii. Shahidi ni mume, au dada anayelala naye. Basi, tafadhali, amsindikize kliniki amweleze mkunga alichosikia, na presha ipimwe. Kuanzia wiki ya 28 mama alale kiubavu, kushoto au kulia. Ikibidi, ipo mashine ya kusukuma hewa kupitia barakoa ya puani, na mjamzito huitumia salama.