India haikuuza shirika lake la anga za juu

Mtu anaweza kuamini kwamba India ilipozifungulia kampuni binafsi sekta ya anga za juu mwaka 2020, serikali iliuza shirika lake la anga za juu, ISRO. Ni rahisi kufikiri hivyo, maana tumezoea kuona ubinafsishaji ukiishia kwenye mali ya umma kuuzwa. Lakini shirika halikuuzwa; kilichobadilika ni ruhusa. Zamani kampuni ziliunda vipuri tu. Sasa zaweza kurusha roketi na setilaiti zake zenyewe, hata kwa kutumia vituo vya serikali, zikipata kibali. Shirika la umma lipo, na chombo chake ndicho kilichotua Mwezini Agosti 2023. Ukitaka kuhakikisha, soma sera ya anga ya 2023 kwenye tovuti za serikali ya India, uangalie shirika limepewa kazi gani na kampuni zinahitaji kibali gani.